Jinsi ya kuandaa nyumba yako kabla ya kupigwa picha

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

ZAMANI mtu aliyetaka kupanga chumba au kununua nyumba jijini Dar es Salaam alilazimika kufika mwenyewe, kubisha hodi na kujionea kwa macho yake. Siku hizi picha ndiyo inayotangulia. Dalali huituma kwa simu kabla hajamtembeza mteja, mgeni aliye ng’ambo huchagua mahali pa kulala kwa kutazama picha tu, na ndugu walio mbali huijua nyumba mpya ya kijana wao kwa picha kabla hawajakanyaga kizingiti chake.

Kwa sababu hiyo, kuipiga nyumba picha si anasa ya matajiri na magazeti ya mitindo pekee. Ni jambo linalogusa riziki ya mjane anayepangisha vyumba viwili, ya kijana anayepokea wageni wa kulala siku chache, na ya familia inayouza nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi, tofali moja moja.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kampuni ya Airbnb ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2008 mjini San Francisco. Mwaka 2009, biashara ilipokuwa ikisuasua, waanzilishi wake walibaini kwamba picha za nyumba nyingi za New York zilikuwa duni mno. Walikwenda huko wenyewe, wakakodi kamera, wakapita nyumba kwa nyumba wakizipiga picha upya. Mmoja wao, Joe Gebbia, amesimulia kwamba mapato ya wiki yalipanda maradufu, kutoka dola 200 hadi dola 400. Nyumba zilikuwa zilezile, ila picha zilikuwa mpya.

Hata hivyo, picha nzuri haianzii kwenye kamera. Huanzia kwenye ufagio, kitambaa cha kufutia vumbi na uamuzi wa kipi kibaki na kipi kitoke. Maandalizi hukusudia kuondoa yale yanayouficha uzuri wa nyumba, ili anayeitazama aone jinsi mtu anavyoweza kuishi humo kwa raha. Anayevuka mpaka huo na kuivika nyumba uzuri usio wake hujitafutia lawama, kama tutakavyoona.

Kamera haioni kama jicho

Mtu anapoingia sebuleni, macho yake huzungukazunguka na akili huchagua la kutazama. Waya unaoning’inia nyuma ya runinga hauoni tena kwa kuwa ameuzoea. Kamera haina mazoea. Waya, ndala zilizo chini ya meza, kalenda ya mwaka juzi na doa la ukutani, vyote hupewa nafasi sawa katika picha na kutulia hapo mbele ya mtazamaji.

Jambo la pili ni mwanga. Mboni ya jicho hupanuka na kusinyaa, hivyo tunaweza kuona kochi lililo kivulini na mwembe ulio nje ya dirisha kwa wakati mmoja. Kamera hupiga picha kwa kipimo kimoja cha mwanga. Ikilifuata kochi, dirisha hugeuka kuwa weupe mtupu; ikilifuata dirisha, chumba huwa giza. Ndiyo maana chumba kinachopendeza mchana kinaweza kuonekana kama pango pichani.

La tatu ni rangi. Ukuta mweupe chini ya taa ya manjano bado tunauona kuwa mweupe, kwa sababu ubongo hurekebisha. Kamera huweza kuuonyesha ukiwa wa manjano, na pale mwanga wa dirisha unapokutana na wa taa, nusu ya ukuta huwa ya buluu na nusu ya rangi ya chungwa.

Iko njia rahisi ya kuiona nyumba yako kama kamera inavyoiona. Siku mbili kabla ya kazi, simama mlangoni mwa kila chumba, piga picha moja kwa simu, kisha kaa chini uitazame kwa utulivu kana kwamba ni nyumba ya mtu mwingine. Andika kila kinachoyavuta macho pasipo sababu. Orodha hiyo ndiyo ratiba yako ya kazi.

Kwanza, picha ni za nini?

Kabla ya kuhamisha kiti hata kimoja, mwenye nyumba ajiulize picha zitatumika wapi, kwa kuwa maandalizi hutofautiana.

Anayepangisha au kuuza anapaswa kuonyesha nafasi: sakafu, madirisha, milango, jiko, bafu na choo. Mteja anataka kujua kitanda chake kitakaa wapi na kabati litapita mlangoni. Fanicha chache zinatosha, na chumba kisicho na kitu kabisa kipate walau kitu kimoja cha kupimia ukubwa, kama kiti au meza.

Anayepokea wageni wa siku chache huonyesha starehe: kitanda kilichotandikwa vizuri, chandarua, pangaboi, mahali pa kunywa chai, kibaraza chenye kivuli. Mgeni huyo haulizi mita za mraba. Anauliza kama atalala vizuri.

Picha za familia yenyewe, za ukumbusho au za sherehe, ni tofauti tena. Hapo picha ya harusi ya bibi iliyoko ukutani, vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya makochi na kabati la vyombo ambalo watoto walikatazwa kuligusa ndivyo vinavyopaswa kubaki. Vikiondolewa, nyumba itapendeza lakini haitakuwa ya kwenu.

Punguza, kisha safisha

Kosa la kawaida ni kusafisha nyumba ikiwa imejaa vitu. Anza kwa kupunguza. Chukua makasha kadhaa au mabeseni makubwa, pita chumba hadi chumba na ukusanye vitu vidogovidogo: rimoti, chaja, chupa za dawa, magazeti ya zamani, mifuko, vikapu na viatu. Vyote viende katika chumba kimoja kisichopigwa picha. Nyumba ya vyumba vichache inaweza kuvihamishia vitu hivyo katika chumba kilichokwisha kupigwa, kazi ikiendelea.

Baada ya hapo ndipo usafi ufanyike, na ufanyike kama nyumba inavyosubiri Idi au Krismasi. Vioo vya madirisha vifutwe ndani na nje, kwa sababu mwanga wa jua huonyesha kila alama ya kidole. Nyavu za mbu hunasa vumbi na kupunguza mwanga unaoingia. Zipigwe brashi na kuoshwa. Mapanga ya pangaboi yafutwe juu na kingoni. Swichi na kona za milango, mahali mikono inapogusa kila siku, zisuguliwe kwa sabuni. Balbu zilizoungua zibadilishwe.

Sebuleni, makochi makubwa yaliyobanwa ukutani pande zote hukifanya chumba kionekane kama ukumbi wa kusubiria. Yavute mbele kidogo, na ikiwezekana ondoa moja. Karatasi za nailoni ambazo baadhi ya watu huziacha juu ya makochi mapya zitolewe, kwani hung’aa na kurudisha mwanga. Runinga izimwe na kioo chake kifutwe. Waya zifungwe pamoja na kupitishwa nyuma ya meza. Saa ya ukutani iwe inatembea, maana saa iliyosimama huonekana mara moja.

Jikoni, toa juu ya meza na sinki sabuni, dodoki, madumu ya mafuta na ndoo. Mlango wa friji ubaki mtupu. Mtungi wa gesi kama unakaa ndani uache mahali pake, lakini ufutwe na mpira wake upangwe vizuri. Sufuria zinazoonekana zing’arishwe. Kisha acha vitu vichache vyenye uhai: sahani ya maembe au ndizi kulingana na msimu, birika, vikombe viwili. Jiko lililo tupu kabisa huonekana kama halijawahi kupika.

Chumbani, kitanda ndicho picha. Shuka zipigwe pasi, na bora zaidi ziishie kupigwa pasi zikiwa zimetandikwa, kwa kuwa mikunjo huonekana kuliko mtu anavyodhani. Foronya zifanane. Chandarua kikunjwe na kufungwa vizuri juu ya kitanda, au kishushwe chote kikiwa safi. Hakuna sababu ya kukificha, kwani humwambia mgeni kwamba mwenye nyumba amemfikiria. Angalia pia uvungu wa kitanda na juu ya kabati, mahali masanduku na mabegi ya safari hukaa miaka; kamera huyaona yote mawili.

Bafuni, funika choo, toa miswaki, sabuni zilizotumika na taulo za kila siku, kisha tundika taulo moja au mbili safi. Kausha sakafu. Kioo kifutwe mwisho, na mpiga picha achague pembe ambayo kioo hicho hakitamnasa yeye mwenyewe.

Nje, fagia uwanja na uanue nguo kambani. Gari liondolewe mbele ya nyumba. Katika miezi ya ukiangazi vumbi hukaa juu ya majani ya maua. Mimea ikimwagiwa maji saa moja kabla, rangi yake hurudi. Sakafu ya kibaraza ikioshwa, iachwe ikauke ili isiwe na madoa ya unyevu.

Faraja yenye asili ya hapa

Wengi wanaotaka nyumba yao ionekane ya kustarehesha hutazama majarida ya nchi za baridi, wakaona mablanketi mazito, ngozi za kondoo na mishumaa kando ya moto, nao wakajaribu kuiga. Katika nchi hizo starehe ni kukimbia baridi. Kwa mkazi wa pwani, ambaye mwezi Januari hulala madirisha yakiwa wazi, blanketi la sufu juu ya kochi humtoa jasho kwa kulitazama tu.

Starehe ya hapa ni kivuli, upepo, maji ya kunywa yaliyo karibu na mahali pa kukaa pamoja. Pazia jepesi linaloruhusu mwanga kupita husema mengi kuliko pazia zito lenye mapambo. Mkeka wa ukili uliotandikwa kibarazani pamoja na mito miwili humwalika mtazamaji akae. Jagi la maji na bilauri, kahawa na vikombe vyake, kanga iliyokunjwa vizuri mguuni mwa kitanda, kikapu cha ukindu kando ya kochi: hivi ni vitu ambavyo nyumba nyingi tayari vinavyo, na havihitaji kununuliwa.

Kuipamba nyumba kwa ajili ya jicho la mgeni si jambo geni kwetu. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Zanzibar, mafundi walichonga ndani ya kuta vidaka vya chokaa, ambavyo wenye nyumba walivitumia kuonyesha sahani na mabakuli ya kaure yaliyoletwa na biashara ya bahari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Atazamaye vidaka hivyo hujifunza jambo moja la kupanga: kila chombo kina nafasi yake, na kimezungukwa na weupe wa chokaa ili kionekane.

Kanuni hiyo inafaa hata katika nyumba ya tofali za saruji huko Mbagala au Tabata. Juu ya meza weka vitu vichache, kwa idadi ya witiri, vitatu au vitano, vikipishana urefu. Chagua rangi mbili au tatu zinazojirudia chumbani: kama mto mmoja ni wa buluu, rangi hiyo iwemo pia katika kitenge au chombo kilicho upande wa pili. Mmea mmoja hai unafaa kuliko maua mengi ya plastiki yaliyopauka. Changanya vitu vya mguso tofauti, mbao laini na ukili, pamba na udongo wa kufinyanga, kwa sababu mtazamaji hawezi kugusa na jicho lake ndilo linalomgusia.

Panga kwa kadiri, lakini usipange hadi nyumba ikose alama ya mtu. Kitabu kilichofunguliwa, miwani juu ya meza, kiti kilichovutwa kidogo kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, hivyo huipa picha pumzi.

Jua na saa zake

Mwanga wa jua ni bure na hushinda taa nyingi za kununua, ila una saa zake. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua huchomoza na kuchwa karibu na saa 12 mwaka mzima na hupanda haraka. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana huwa karibu utosini: nje vivuli ni vikali, paa la bati hung’aa, na ndani mwanga mwingi huishia kizingitini. Saa nzuri kwa vyumba vingi ni kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, au kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni.

Uelekeo wa madirisha nao ni muhimu. Chumba cha mashariki hupata jua la moja kwa moja asubuhi, cha magharibi alasiri. Jua linapoingia moja kwa moja na kuchora mistari mikali ya nondo sakafuni, shusha pazia jepesi au subiri lipite. Kuhusu kaskazini na kusini, wakazi wa jiji hili wana jambo la pekee la kuzingatia: tangu takriban katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana huwa upande wa kusini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kaskazini. Dirisha lililokuwa na mwanga mpole mwezi Juni laweza kuwa na jua kali mwezi Desemba.

Siku ya mawingu isidharauliwe. Mawingu hutawanya mwanga na kulainisha vivuli, hivyo picha za ndani huweza kuwa nzuri zaidi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, panga siku ya akiba, kwa sababu mvua nzito hutia giza ndani na matope mlangoni.

Picha ya nje yenye mvuto mkubwa hupigwa baada ya jua kuzama, taa za ndani zikiwa zimewashwa na mbingu ikiwa bado ya buluu. Hapa kwetu nafasi hiyo ni fupi, haifiki nusu saa. Kamera iwe tayari kabla.

Ama taa za ndani, kanuni ni kutochanganya. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba ikifuatiwa na herufi K: 2,700 au 3,000 ni mwanga wa manjano unaofanana na wa kibatari, na 6,500 ni mweupe unaokaribia buluu. Mchana wenye mwanga wa kutosha zima taa zote. Ukizihitaji, ziwe za aina moja chumba kizima. Zile za manjano hufaa chumbani na sebuleni jioni.

Kamera na anayeishika

Si lazima kukodi mpiga picha. Simu ya kisasa inatosha kwa kazi nyingi, mradi kanuni chache zifuatwe. Safisha kioo cha lenzi kwa kitambaa laini. Tumia stendi ya miguu mitatu, au ikikosekana egemeza simu juu ya vitabu vilivyopangwa, na uiwekee kipima muda ili mkono usiitikise. Pangaboi lizimwe, kwani kamera ikikusanya mwanga kwa muda mrefu mapanga huonekana kama ukungu.

Kimo cha kamera kiwe kati ya mita 1 na mita 1.5. Ukipiga kutoka usawa wa kichwa cha mtu mrefu, makochi huonekana mafupi na sakafu hutawala. Kamera iwe sawa, isiinamishwe wala kuinuliwa, ili kingo za kuta na milango zisimame wima. Kila chumba kipigwe walau mara tatu: kutoka kona mbili, na moja ya kitu kimoja kwa karibu, kama mkeka na mito yake.

Anayetumia kamera kubwa hufanya vyema kwa lenzi ya takriban milimita 24. Wanaotumia simu wabaki kwenye lenzi ya kawaida, ile yenye alama ya 1. Ile yenye alama ya 0.5 huona pana sana. Hunyoosha vitu vya pembeni na kusukuma kuta mbali kuliko zilivyo.

Wapo wanaoshangaa picha zao kuwa na mistari ya giza inayokatiza ukutani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za mirija na balbu za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera inayopiga kwa kasi kubwa huunasa upepesaji huo. Ukitumia kasi ya sehemu 1 ya 50 ya sekunde, au polepole zaidi kwa stendi, mistari hupungua au hutoweka. Kuzima taa na kutumia jua ni dawa nyingine.

Picha isiyosema uongo

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutafuta chumba cha kupanga baada ya kuonyeshwa picha tatu na dalali. Pichani chumba kilikuwa kipana, ukuta mweupe, dirisha kubwa. Alilipa hela ya kutembezwa na nauli ya daladala mbili, akafika na kukuta chumba ambacho kitanda cha futi 5 kwa 6 kingeziba mlango. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Hakuna aliyekuwa ameichora picha ile. Ilipigwa tu kwa lenzi pana kutoka kona ya mbali kabisa, ikaongezewa mwanga.

Hasara ya mwandishi ilikuwa asubuhi moja. Lakini katika jiji ambalo wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au hata mwaka kwa mkupuo, yupo anayetuma fedha akiwa mkoani kwa kuamini picha, kisha hufika na mizigo na watoto. Kwake picha ni neno la mwenye nyumba.

Mwenye nyumba naye hupoteza. Mteja aliyedanganyika huondoka mlangoni, na mgeni aliyedanganyika huandika malalamiko yanayosomwa na wote watakaofuata. Picha ya kweli huwaleta wachache, lakini wanaokuja huwa wamekwisha kuridhika.

Hivyo mpaka ni huu: kinachohamishika chaweza kuhamishwa, kisichohamishika kionyeshwe. Ndoo, nguo na waya ni vya kuondolewa. Ufa wa ukuta, unyevu wa dari, nguzo ya umeme mbele ya dirisha na choo kilicho nje ni sehemu ya nyumba. Usivifute kwa programu ya kurekebishia picha, wala usiazime samani ambazo mpangaji atadhani ni zake. Kusawazisha mwanga, kunyoosha picha iliyoinama na kuirudishia rangi yake halisi ni halali. Vipimo vya vyumba kwa mita au futi viandikwe chini ya picha, pamoja na hali ya maji na umeme, ambavyo kamera haiwezi kuvionyesha.

Usalama na haki za waliomo

Nyumba ikishapigwa picha na kusambazwa, imefunguliwa milango kwa wasiojulikana. Kabla ya kamera kuwashwa, ondoa picha za watoto wenye sare za shule, vyeti vilivyotundikwa, barua zenye anwani, namba za magari, dawa, na vitu vya thamani. Funguo zisionekane. Usipige kwa karibu makufuli, komeo wala mahali zilipo kamera za ulinzi.

Simu nyingi huhifadhi ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa. Zima huduma ya mahali kabla ya kupiga, au iondoe taarifa hiyo kabla ya kutuma. Inatosha kutaja mtaa. Namba ya nyumba apewe mteja aliyethibitika.

Kama nyumba ina mpangaji, aombwe ridhaa mapema na apewe siku. Vitu vyake ni maisha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezidi kutukumbusha kwamba taarifa za mtu si mali ya kila mwenye simu. Anayeajiri mpiga picha naye aandikiane naye waziwazi ni picha ngapi, zitatumika wapi na kwa muda gani, kwa kuwa picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Siku yenyewe

Kwa muhtasari, siku mbili kabla piga picha za majaribio na uandike orodha. Siku moja kabla, punguza vitu, safisha, fua mapazia, piga pasi shuka na ununue matunda. Asubuhi ya siku yenyewe fungua madirisha, tandika vitanda na ufagie kwa mara ya mwisho. Watoto wadogo wapelekwe kwa shangazi au jirani kwa saa chache, na nyumba isipike samaki wala kukaanga hadi kazi iishe, maana moshi hutanda katika mwanga.

Anza na vyumba vya mashariki asubuhi, umalize na vya magharibi na kibaraza alasiri. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye kingo nne za picha: huko ndiko hubaki ncha ya ndala, kona ya ndoo au mguu wa mpiga picha. Itazame kila picha papo hapo ukiikuza, kwani ni rahisi kuhamisha kikombe sasa kuliko kurudi kesho.

Kazi ikiisha, rudisha vitu mahali pake, lakini si vyote. Wengi walioipitia kazi hii hujikuta wakiyaacha makochi pale yalipovutwa na kile kikasha cha makorokoro kikikaa bila kufunguliwa. Mkeka nao hubaki kibarazani, na jioni watu wa nyumbani huukalia.